Ulimi wa Fundi Kimya

Mume wangu ni fundi makochi, na kwa miaka ishirini na sita watu wamemwita Kimya. Jina hilo alipewa na wateja wa mchana. Mteja akija mchana humkuta amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa nguo, nyundo mkononi, midomo imefumbwa, na akisalimiwa hujibu kwa nyusi. Mteja huketi, huongea, huuliza kazi itakwisha lini, hujibiwa na mimi, kisha huondoka akisema mwanamume yule ana adabu kwelikweli. Laiti wangekuja saa kumi na moja jioni.

Kilichomfumba mdomo ni misumari. Misumari ya makochi ni midogo, mingi haifiki urefu wa ukucha wa kidole gumba, na fundi aliyeiva haiokoti mmoja mmoja kwenye kopo. Huitia mdomoni, ishirini kwa mkupuo. Kuanzia hapo kazi ni ya ulimi. Ulimi unaugeuza msumari, kichwa mbele na ncha nyuma, unausukuma mpaka katikati ya midomo, na nyundo yenye sumaku inakuja kuuchukua. Ta, kitambaa kimeshika. Ta, mwingine. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, kwa hiyo ulimi ndio mkono wa tatu. Siku hizi kuna bunduki za pini, na tunayo moja, alizawadiwa. Imelala juu ya kabati ndani ya boksi lake. Anasema pini ni za kufungia barua.

Mimi nashona vifuniko vya mito kwa cherehani, hatua nne kutoka alipo yeye, na mimi nina mdomo. Naambiwa hivyo tangu utotoni na sijawahi kubisha. Tangu asubuhi nasema: dada yangu kafanya hivi, mteja wa kochi la bluu ana dharau, paa la jikoni linavuja, binti yetu kapiga simu kutoka chuoni anataka kubadili masomo. Yeye anagonga tu. Ikifika saa kumi na moja anamaliza msumari wa mwisho, anasuuza mdomo, anaketi juu ya marobota ya sponji na kusema, "Haya. La kwanza." Kisha ananijibu yote, kwa mpangilio uleule niliosema nao. "La kwanza, dada yako amekosea, lakini usimwambie leo. La pili, yule mteja hana dharau, ana meno mabovu, ndiyo maana hacheki. La tatu, paa nitapanda Jumamosi." Mara nyingine mimi mwenyewe nimeshasahau la nne lilikuwa lipi. Yeye hasahau. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye nikaelewa kwamba sijawahi kusikilizwa namna hiyo na mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Yaliyotupata yalianzia kwenye kochi la Mwalimu Mkuu. Huyu ni mama mstaafu wa mtaa wa pili, aliyewafundisha nusu ya watu wa mji huu kusoma, na mpaka leo watu wazima wakipishana naye njiani hukaza mgongo. Kochi lake la watu watatu lilikuwa limekwisha, umebaki mkono wa kushoto tu. Mume wangu alikuwa anaufunga. Vumbi la sponji likampanda puani, akapiga chafya moja nzito, akaendelea. Mdomo ulipoisha misumari aliinuka, akahesabu vichwa kwenye mkono wa kochi. Akahesabu tena.

Alitia ishirini. Iliyopigwa ilikuwa kumi na tisa.

Fundi wangu hakosei hesabu. Tulipitisha sumaku sakafuni, tukakung'uta aproni yake, nikafagia mpaka chini ya cherehani. Hakuna. Ndipo akazungusha ulimi mdomoni, na uso wake ukabadilika. Akaingiza kidole, akabonyeza upande wa kulia wa ulimi.

"Kuna kitu," akasema.

Nikaingiza kidole changu. Kweli, ndani ya nyama palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya mchele.

"Umeingia wakati wa chafya," akasema.

"Uingie usisikie?"

"Nilikuwa napiga chafya, mke wangu. Ningesikia nini?"

Hapo tungekwenda hospitali, mambo yakaisha. Lakini fundi makochi kuchomwa na msumari wake mwenyewe ni aibu. Anayechomwa ni mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na huchekwa hadi wiki ya nne. Mdogo wake mume wangu, shemeji yangu seremala anayetutengenezea fremu kwenye chumba cha jirani, angelikamata jambo hilo na kulila mwaka mzima. Basi tukakubaliana iwe siri yetu. Msumari utaiva kama mwiba, alisema, na utatoka wenyewe. Nami mwenye mdomo wa kusema kila kitu, jambo moja lililostahili kusemwa nikalifumbia mdomo.

Ukapita mwezi, wa pili, wa tatu. Pale pa kitu kigumu pakaota uvimbe laini, rangi ya zambarau iliyoiva. Asubuhi ulikuwa mdogo. Akishinda ameinama chini ya kochi anafunga mikanda na springi, jioni ulikuwa umejaa upande mzima. "Unaiva," alisema. Alihamishia misumari shavu la kushoto. Halafu majibu ya jioni yakaanza kupungua. "La kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu, kesho." Maneno yalimtoka mazito, kama anaongea na kiazi cha moto mdomoni. Mimi nilikuwa nayaogopa hayo majibu mafupi kuliko uvimbe wenyewe.

Nilimwambia twende hospitali. Akasema wataukata ulimi. Nilimwambia mara kumi, akanijibu mara kumi, na mwisho akasema, "Chukua sindano wewe. Una mkono mwepesi. Uchokonoe utoke."

Ningekataa. Kila siku najiambia hivyo, ningekataa. Lakini nilimwona anavyoteseka, na nikaamini mkono wangu. Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga. Nilichoma sindano kwenye moto, nikaifuta kwa spiriti, nikamshika ulimi kwa kitambaa safi, nikachoma pale penye ugumu.

Damu haikuja kama ya kidole kilichochomwa. Ilikuja nyeusi, nyingi, kimyakimya, ikajaa mdomo kabla sijaitoa sindano. Alitema kwenye kopo la misumari, ikajaa tena. Nilikunja kipande cha marekani, nikakibana juu ya ulimi kwa vidole viwili, nikamwambia aume. Akauma. Nilipiga ukelele, shemeji akaja mbio kutoka kwenye randa yake.

"Msumari," nikamwambia. "Msumari umo ulimini."

"Nilete koleo?"

"Lete gari, shemeji. Gari."

Tulikwenda na pikapu yake, fremu nne za viti zikigongana nyuma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzishusha. Njia nzima sikuvitoa vidole vyangu. Nilipokilegeza kitambaa kidogo, damu ilirudi, kwa hiyo nilibana na yeye akauma, na nyama yangu ilikuwa katikati. Alinitazama macho yamemtoka. Mwanamume huyu ambaye kila siku huyaweka maneno yake hadi jioni, safari hii alikuwa na la kusema na hakuwa na uhakika wa jioni.

Kitengo cha dharura walimpakia shashi zenye dawa, wakamkalisha wima, wakamtundikia maji, na baada ya saa nzima damu ikasimama. Vidole vyangu viwili vilifungwa bendeji. Daktari kijana wa zamu alisikia habari yetu ya msumari, akaagiza picha ya eksirei. Picha ilipowekwa kwenye taa sote tuliona: ndani ya kivuli cha ulimi palikuwa na madoa matatu meupe pee.

"Hiyo hapo," akasema shemeji. "Tena mitatu. Kaka, umemeza duka."

Hata wakati ule nilitaka kumpiga kofi. Daktari kijana naye aliafiki. Alisema asubuhi wataupasua ulimi kidogo, waitoe, ni kazi ya dakika ishirini. Ila utaratibu wa pale ni kwamba hakuna anayepeleka kisu mdomoni kabla bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya hajamwona mgonjwa. Tulilala na matumaini ya dakika ishirini.

Bingwa alikuja saa mbili asubuhi. Mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, sauti ya chini. Hakumsogelea mgonjwa. Aliichukua picha, akaenda nayo dirishani, akaitazama kwa muda mrefu mpaka daktari kijana akaanza kukohoa.

"Nani amesema hii ni misumari?"

Wote wakanitazama mimi. Basi nikapasua yote, tangu chafya mpaka sindano, na hesabu ya kumi na tisa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaninyooshea picha.

"Msumari una ncha, mama. Nionyeshe ncha."

Nilitafuta. Hapakuwa na ncha. Yalikuwa madoa ya mviringo, na nilipokaza macho niliona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa katikati.

Akamgeukia mume wangu. "Fundi, uvimbe huu ukiinama unajaa?"

Mume wangu aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyetajiwa siri yake. Daktari akamwinamisha, kichwa chini ya magoti, kwa dakika moja. Alipomwinua na kumfungua mdomo, uvimbe ulikuwa umetuna, zambarau inang'aa. Wakasubiri. Ukanywea wenyewe. Kisha akatoa kipande kidogo cha kioo safi, akaukandamiza pembeni, mbali na kidonda changu. Zambarau ikakimbia, ulimi ukawa mweupe chini ya kioo. Alipokiondoa, rangi ikarudi taratibu.

"Msumari haufanyi hivi," akasema. "Hii ni damu. Ndani ya msuli wa ulimi mishipa ya damu imejikusanya ikafanya uvimbe. Damu humo inatembea pole sana, nyingine inaganda, na ikiganda miaka inageuka vijiwe. Mlichokigusa ni kijiwe. Labda kilikuwepo kabla ya kochi hilo, ila hukuwa na sababu ya kukitafuta. Kwa mtu mzima, mahali hapa, ni ugonjwa adimu. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, huyu ni wa tano."

Nikamuuliza kama sindano yangu ndiyo iliyoharibu. Hakunigombeza. Alivua miwani.

"Sindano imewaleta hapa. Lakini nisikilize, mama. Angetokea mtu akaupasua kutafuta msumari, hatungekuwa tunazungumza."

Daktari kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nikaketi kitandani pa mgonjwa mwingine bila kuombwa.

Siku zilizofuata walimpima kila namna. Walimpitisha kwenye mashine ya mawimbi, iliyotuonyesha damu ikijikokota humo ndani, kisha kwenye ile mashine kubwa inayopiga kelele. Uvimbe ulikuwa na ukubwa wa yai la kwale, umepakana na mshipa mkuu wa ulimi bila kuugusa. Daktari hakutuficha kitu. Angemchoma kwanza dawa ya kuikausha ile mishipa, asubiri wiki mbili inywee, ndipo akate. Angekata pia kiasi cha ulimi, hajui kiasi gani. Maneno yanaweza kubadilika. Na ingawa dalili zote zilikuwa njema, kwamba si saratani asingeweza kuapa mpaka maabara waone kilichotoka. Wakiuacha, siku moja utavuja tena, au utavimba usiku mmoja umzibe koo.

Mume wangu akasema, "Hapana."

Shemeji alimsihi. Binti yetu alilia kwenye simu. Nilipoanza mimi, alinipa kisogo akatazama ukuta. Nilimwelewa, na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Mtu anayeishi kwa ulimi, mchana kwa misumari na jioni kwa maneno, unamwambia utakatwa hujui kiasi gani. Lakini mimi nilitaka mume. Hata asiyesema. Nilimwambia hivyo nikimtazama mgongo.

Daktari alikuja alasiri, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakumsihi, huyo mama. Mwisho mume wangu akageuka.

"Utashonaje?" akamuuliza.

"Umesemaje?"

"Kitu kinachovuja. Ukikikata kinavuja zaidi. Sasa utakishonaje?"

Daktari alimtazama, akainuka, akatoka. Nikajua tumemuudhi. Baada ya muda kidogo akarudi na pakiti ya karatasi na taulo. Akaichana pakiti, akatoa sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, ndogo kama ukucha uliokatwa, na uzi tayari umefungwa kwake.

Mume wangu alijiinua akakaa. Anazo sindano za kupinda saba, za kushonea mahali ambapo huwezi kufika kwa nyuma, ndefu kama kiganja. Hakujua kwamba kuna watu wengine wanazo.

Daktari akaviringisha taulo. "Hapa ni ulimi. Kabla sijakata popote, napitisha uzi kuzunguka uvimbe wote, kwenye nyama nzima isiyo na ugonjwa. Hivi. Nafunga, nasogea, nafunga tena, mpaka damu haina njia. Halafu nautafuta mshipa unaoulisha, nao naufunga peke yake. Ndipo nakata. Kisha nafunga tabaka kwa tabaka, la ndani kwanza, la nje mwisho."

Mume wangu alichukua lile taulo. Akaufuata mshono kwa kidole, akaugeuza, akaubinua kuona chini. Akavuta fundo kwa nguvu zake zote. Halikuteleza.

"Fundo hili umefundishwa na nani?"

"Na mwalimu wangu. Nilikuwa nalifunga kwenye mguu wa meza, mwaka mzima."

"Mimi kwenye mguu wa kochi," akasema. Akakaa na taulo mapajani. "Lete hiyo fomu."

Nakiri nilimwonea wivu yule mama kidogo. Wiki nzima nimembembeleza, yeye kammaliza kwa taulo.

Alichomwa ile dawa, zikapita wiki mbili, na siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili. Lilikuwa benchi la kitambaa cha plastiki lililochanika pembeni, sponji inachungulia. Niliivumilia hiyo sponji saa nzima, kisha nikatoa sindano na uzi kwenye mkoba nikaanza kulishona. Mwanamke wa usafi alipita na dekio lake, akasimama.

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana. Mume wangu yumo ndani."

Akanitazama vidole, nilikuwa na alama za meno zilizokuwa bado nyekundu, akaenda zake kudeki upande wa pili. Nilimaliza benchi zima. Shemeji alikuwa ametoa chupa moja ya damu asubuhi, amelegea ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani wowote.

Daktari alitoka saa sita na robo. Kofia ilikuwa imemwachia mstari kwenye paji la uso.

"Umetoka wote," akasema. "Vijiwe vyake vyote. Tumechukua robo ya ulimi, upande wa kulia. Ncha tumeiacha. Siku kumi na nne asiseme neno, atakula kwa mpira wa puani. Maabara watatujibu kabla ya hapo."

Walimlaza wodini amevimba uso, macho nusu wazi. Nilimsogelea sikioni. Cha kwanza nilichomwambia ni, "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuchoma." Sikujua kama kasikia.

Kisha nikaongea, siku baada ya siku. Ningefanya nini? Nilimwambia kuwa niliogopa mpaka nikasahau namba ya nyumba yetu. Nilimwambia kuwa binti yetu amebadili masomo bila kungoja ruhusa. Kwamba shemeji kakata miguu ya fremu ikawa hailingani, na kochi linayumba kama mlevi. Kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili amenichoka, naona. Kwamba nikiwa peke yangu kwenye karakana ikifika saa kumi na moja nazima cherehani na kungoja, na hakuna anayesema la kwanza. Yeye alinitazama tu, mpira puani, na sikujua lolote lililokuwa likiingia.

Siku ya tisa alikuja Mwalimu Mkuu. Aliingia wodini na mgonjwa wa kitanda cha pili akakaa wima. Alimwuliza mume wangu hali, akajibiwa kwa nyusi, akaonekana kuridhika na jibu. Kisha akafungua mkoba, akatoa leso iliyokunjwa.

"Mwanangu," akaniambia, "nina jambo la kuungama. Kochi lenu ni zuri sana, sina neno. Ila mkono wake wa kushoto umekuwa ukinichoma kiwiko tangu siku lilipoletwa. Niliona haya kusema. Kazi nzuri vile, nitasemaje? Nikawa nakaa upande wa kulia. Juzi nikajikaza, nikaingiza kibano mwenyewe."

Akaifunua leso. Ndani yake palikuwa na msumari mmoja mdogo.

Wa ishirini. Chafya ilikuwa imeurusha ndani ya sponji, na fundi wangu akaufungia humo kwa mikono yake. Watu watatu wazima tuliona haya ya msumari mmoja kwa miezi minne, kila mtu kwake. Nilimtazama mume wangu. Mabega yalikuwa yanamtikisika, machozi yanamtoka, ameshikilia shavu ili mishono isivutike, na muuguzi akaja kutugombeza sote, Mwalimu Mkuu pamoja nasi. Nadhani hakuwa amegombezwa tangu alipokuwa msichana. Msumari tuliuweka juu ya kabati la kitanda.

Siku ya kumi na moja daktari alikuja na karatasi. Alianza kuisoma kutoka juu, majina marefu, nikamwambia, "Daktari, nakuomba, neno moja tu."

"Si saratani," akasema. "Ni mishipa tu, na imetoka yote hadi kingoni."

Nililia kwa sauti. Nilimpigia mume wangu kelele, "Si saratani, umesikia? Si saratani," kana kwamba walimkata masikio. Jioni ile, nikiwa nakusanya vyombo vyangu niondoke, nilimwambia la mwisho. Nilimwambia hakuna tena msumari kuingia mdomoni mwake, hata mmoja, maisha. Nitasogeza cherehani karibu, nitakaa ubavuni kwake, nitampa mmoja mmoja kiganjani, kichwa mbele. Akitaka anune. Baada ya hapo, siku tatu zilizobaki, nilikaa kimya. Nilikuwa nimeishiwa maneno, na nilikuwa naogopa siku ya kumi na nne kuliko nilivyoogopa kisu.

Ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe. Mpira ulikuwa umeshatolewa puani. Daktari akamwambia atoe ulimi. Ukatoka, umepinda kidogo kuelekea kulia, mwembamba upande mmoja, una mstari mwekundu. Akamwambia aupandishe, aushushe, auguse shavu. Ukafanya.

"Sasa sema," akasema daktari. "Lolote. Polepole."

Mume wangu akaomba maji kwa mkono. Akasuuza mdomo, akatema. Akashusha miguu akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti. Akanitazama.

"Haya," akasema. "La kwanza."

Sauti ilikuwa yake. Maneno yalikuwa mazito, mengine yakiteleza pembeni, na alilazimika kusimama kila baada ya machache kumeza mate. Lakini ilikuwa yake.

"La kwanza. Mimi ndiye niliyekwambia uchome. Usiniombe msamaha kwa kazi niliyokutuma. Nilikuuma njia nzima, na hukuutoa mkono. La pili, hata mimi niliogopa. La tatu, mwache mtoto abadili masomo, ile kozi aliichagua kwa ajili yangu. La nne, mwambie mdogo wangu asikate tena mguu, asije akatuletea mkeka badala ya kochi. La tano, mgonjwa huyu hajakuchoka. Amekuwa akiacha kusinzia akusikilize."

"Kweli kabisa," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili.

Daktari alikuwa na wodi nzima inayomngoja. Akavuta kiti, akaketi. Mume wangu akaendelea, la sita, la saba, jasho likimtoka, akivuka neno kwa neno, siku zote kumi na moja nilizoongea, na hakuruka hata moja. Alipofika kwenye saa kumi na moja yangu ya karakana hakulijibu. Alisema tu, "La kumi na mbili nimelisikia," akapita. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"La mwisho," akasema. "Misumari. Nimekubali. Utanipa mmoja mmoja. Lakini ufikirie vizuri, mke wangu. Mdomo utakuwa mtupu kutwa nzima. Kila utakalosema, nitakujibu palepale." Akameza mate. "Umejiandaa?"

Nilisogea nikaketi ubavuni kwake. Nikampa mkono tu, ule wenye alama za meno yake.